Barabara Inayoganda

Mimi siumwi. Naanza na hilo ili tusipotezeane muda, maana kuna watu walikaa wakaamua kwamba naumwa, na watu wenyewe ni binti yangu wa kumzaa na mdogo wangu niliyemwachia ziwa. Angekuwa adui ningejua cha kumfanya. Hawa walinijia kwa upole, wakashusha sauti, wakanishika bega, na mimi mtu akinishika bega bila sababu huwa napandwa na hasira papo hapo.

Kazi yangu ni lori. Napeleka kreti za soda madukani, asubuhi natoka nalo limejaa, jioni narudi na chupa tupu. Zamani nilikuwa wa masafa marefu, navuka milima na trela nyuma, mpaka mgongo ukagoma. Pale yadi wananiita Mama Breki, kwa sababu utingo wangu mmoja alikuwa akisema mimi nafunga breki hatari ikiwa bado inavaa viatu nyumbani kwake. Alikuwa ananicheka, lakini miaka yote hiyo sijamgusa hata kuku wa mtu.

Gemu aliniletea binti yangu mwenyewe, tuelewane. Ni muuguzi, ameolewa, anakaa upande wa pili wa mji. Kompyuta aliyosomea chuo aliiacha kwangu, na siku moja akaja na usukani wa plastiki, akaufunga mezani kwa skrubu zake, akaweka gemu la malori. Nilimcheka. Nilimwambia kushinda kutwa kwenye usukani halafu jioni nikashike mwingine wa kuchezea, labda niwe nimerukwa na akili. Kisha nikapanda mlima wa kwanza humo ndani, kona kwa kona, mzigo unanivuta nyuma, nikashtukia machozi yananitoka. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimekumbuka milima kiasi kile. Tangu hapo kila jioni nikishaoga nasafiri.

Sebule yangu ni nyembamba, watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibane ukutani. Kuna meza yenye usukani, na juu ya kabati la televisheni kuna kioo cha kompyuta. Lile boksi lake, ambalo mafundi wanaliita sipiyu, nimelipanga chini, ndani ya kabati lenye milango, na ubavuni mwake nimechomeka kigoda cha wageni, kwa sababu kikikaa nje kinaniumiza miguu. Milango huwa naifunga. Vumbi mimi nalijua vizuri. Vumbi liliwahi kuniulia injini katikati ya pori, nikakaa pale na mzigo wa vitunguu mpaka vikaota majani. Niliapa hakuna mashine yangu nyingine itakayokula vumbi, na lile boksi lilikaa mle kabatini kama mwali.

Basi. Jioni moja nateremka mlima, mzigo mbao, nimeshika gia ndogo kama inavyotakiwa, barabara ikaganda. Ikasimama tuli. Nikakata kona kwa mazoea, ikaachia, nikajikuta mtaroni na magurudumu yako juu. Nikasema haya, bahati mbaya. Nikaanza upya, mambo yakawa mazuri, halafu ikaganda tena, ikaachia, ikaganda, kama mtu anayejifunza klachi. Kesho yake hivyo hivyo. Mwanzo wa safari hakuna neno, ukishaingia milimani ndiyo visa vinaanza.

Jumamosi binti yangu alipokuja nikamweleza. Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa, magoti yake yakazuia mlango wa kabati, akasema haya mama, endesha. Nikaendesha. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Barabara ilikuwa laini kama imetiwa mafuta. Nikamwambia subiri, itaganda tu. Akasubiri mpaka chai yake ikapoa, na haikuganda.

Hapo ndipo alipoanza maswali. Ikishaachia, najisikiaje? Kichwa kinauma? Nakumbuka kilichotokea katikati? Nikamwambia nitakumbukaje kitu ambacho hakikutokea, barabara imesimama, hakuna cha kukumbuka. Akawa anazungusha kikombe, kisha akauliza kwa sauti ya wodini.

"Mama, unamkumbuka bibi na kijiko chake?"

Namkumbuka, nitaachaje kumkumbuka. Mama yangu mzazi alikuwa anakatika. Anakula, anaongea, mara kijiko kinasimama hewani na macho yanakuwa ya mtu aliyekwenda mahali. Kidogo tu. Halafu anarudi, anaendelea na sentensi alipoiachia, na ukimwambia anakuona wewe ndiye kichaa. Sisi watoto tulikuwa tunacheka. Siku moja alikatika hivyo katikati ya barabara, na gari halikumsubiri arudi.

Nilimwambia binti yangu achukue vikombe vyake aende kwa mumewe. Alikwenda, lakini alipitia kwa mjomba wake kwanza.

Mjomba wake, yaani mdogo wangu, ndiye msimamizi wa yadi yetu. Funguo za malori yote zinaning'inia ofisini kwake kwenye ubao wa misumari, kila dereva na msumari wake. Jumatatu nilinyoosha mkono nikashika msumari mtupu. Akaniita ndani, akafunga mlango, na mlango ule haujawahi kufungwa tangu ofisi ijengwe. Alisema lori langu limepewa kijana mwingine kwa muda. Aliposema ni nani nikataka kulia, maana kijana yule klachi kwake ni mahali pa kupumzishia mguu. Alisema niende hospitali nikapimwe kwenye mashine inayosoma ubongo, na mimi nilikuwa nimeshauliza, foleni ya mashine hiyo ni ya miezi. Nikamuuliza kama ameshawaambia wakubwa. Bado, akasema, anawaambia ni mgongo. Lakini akashindwa kuniangalia, na nikaelewa kwamba hawezi kuuma maneno milele. Neno lile likifika juu, hakuna ofisi duniani itakayomrudishia mama wa umri wangu lori. Nitakuwa nimemwaga unga, na hata nikipona ugonjwa ambao sina, mlango utakuwa umeshafungwa.

"Dada, yule alikuwa mama yangu pia," alisema. "Siwezi kukupa gari."

Ningemtukana, lakini hilo lilinipata. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimejaa hasira mpaka masikio yanawaka. Kama barabara inaganda kweli, mimi ni mzima na lori ni langu. Kama haigandi, basi mimi ndiye ninayeganda, na mama yangu amenirithisha kijiko chake. Hakukuwa na njia ya katikati. Nikavua viatu, nikasema leo tutajuana, mimi na wewe boksi.

Nilianza na yale ambayo kila mtu anakwambia. Nikapunguza ubora wa picha, miti ikawa kama mifagio na milima ikapoteza uzuri wake wote. Ikaganda. Nikafuta picha za harusi za watu nisiowajua na masomo ya chuo ya binti yangu, nikaipa nafasi. Ikaganda. Nikapakua programu mpya ya ile kadi inayochora picha, usiku kucha inashuka tone kwa tone, asubuhi nikawasha kwa matumaini makubwa, ikanipeleka vizuri mpaka mlimani, ikaganda. Nikahamisha waya wa umeme kwenye soketi ya jikoni, nikawa naruka waya kila ninapokwenda kuchukua maji. Ikaganda pia. Kila ilipoganda nilifurahi, maana nilisema unaona, ni yeye, si mimi. Halafu nafurahi kidogo tu, kwa sababu aliyeona ni mimi peke yangu, na mimi ndiye mshitakiwa.

Nikamwita fundi wa kompyuta. Kijana mstaarabu, ana duka kule karibu na stendi. Nikamtolea kigoda akakaa, akafungua milango ya kabati akachungulia, akaniambia nicheze. Nikacheza. Fundi akaangalia, akakuna kidevu, akaangalia tena. Hakuna kitu. Ilikuwa inakwenda kama bibi harusi. Nikamwomba aichukue dukani kwake, aiache iendeshwe kutwa nzima. Akaiweka juu ya benchi lake, akamruhusu kila aliyepita aendeshe, na jioni akanipigia.

"Mashine ni nzima kabisa, mama. Na ndani ni safi, sijawahi kuona kompyuta isiyo na vumbi hivi. Unaitunza."

Nilijisikia vizuri kwa lile la vumbi, nisidanganye. Lakini lile la kwanza liliniingia kama mwiba. Akairudisha, nikaipanga kabatini, nikachomeka kigoda, nikafunga milango. Jioni ile ile, mlimani, ikaganda.

Nikatafuta ushahidi. Nikasema simu haina undugu na mtu, simu haitaniambia habari za bibi. Nitajirekodi naendesha, na saa ya ukutani ionekane pembeni ya kioo, ile yenye mshale wa sekunde. Barabara ikisimama na mshale ukaendelea, watasema nini? Watamshika saa bega? Nikatafuta pa kuisimamishia simu. Meza ni ya usukani, kiti nimekalia. Nikavuta kigoda, nikapanga juu yake sufuria, juu ya sufuria nikaegemeza simu, nikawasha, nikaanza safari huku moyo unanienda mbio.

Nilipanda mlima wa kwanza. Nikashuka. Wa pili. Nilichagua mzigo mzito kuliko yote, nikachagua mvua, nikachagua njia ambayo ilikuwa inaganda kila kona. Nikaendesha mpaka simu ikajaa ikajizima. Haikuganda hata mara moja.

Hapo niliogopa. Sitaki mtu aniambie hofu ni nini, nimeshateremka mlima breki zimekufa, lakini hofu ile ilikuwa ya nje, ya kupigana nayo. Hii ilikuwa ndani ya kichwa changu, na kichwa hicho hicho ndicho ninachokitegemea kupigana. Nilikaa nikaangalia mikono yangu kwenye ule usukani wa plastiki. Nilisema labda mtu akiniangalia, hata kama ni simu, najikaza, ndiyo maana sikatiki. Nikamkumbuka mama alivyokuwa akitukasirikia tukimwambia amekatika, alivyokuwa na uhakika. Alikuwa na uhakika kama wangu. Nililia, tena kwa sauti, maana nyumba ni yangu.

Nilipomaliza kulia nilipangusa pua, nikarudisha sufuria jikoni, nikachomeka kigoda mahali pake, nikafunga milango. Sikuwa na hamu tena, lakini sikutaka kulala nikiwa nimeshindwa na gari la katuni. Nikasema safari moja tu, ya kuagana. Nikaanza. Nikapanda. Mlimani, ikaganda.

Niliachia usukani. Sikugusa kitu. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikiangalia mshale wa saa, na mshale ulikuwa unatembea na mimi, na ile barabara imesimama pale kama picha ya kalenda. Ikaachia. Ikaganda. Nikahesabu tena. Mtu aliyekatika hahesabu. Mama yangu hakuwahi kuhesabu.

Sasa nikawa dereva, nikaacha kuwa mgonjwa. Gari likichemka mlimani na lisichemke karakana, humuulizi Mungu, unauliza kimebadilika nini. Binti yangu alipokuja haikuganda. Fundi alipokuja haikuganda. Simu ilipokuja haikuganda, na simu si mtu. Binti, fundi, simu. Hawa watatu walikuja na nini ambacho mimi peke yangu sina? Hawakuja na kitu. Walikaa tu. Na walikalia nini?

Niliinama nikaweka kiganja kwenye mlango wa kabati. Ulikuwa wa moto. Nikaufungua, hewa ikanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya maharage. Kigoda changu kilikuwa kimebanana na ubavu wa boksi, pale pale kwenye matundu yake, na feni ndani inalia kama mtoto aliyezibwa mdomo. Hakukuwa na vumbi, hilo ni kweli, hata chembe. Hakukuwa na hewa pia. Kila mgeni aliyekuja alivuta kigoda na kuacha mlango wazi, likapumua, likanyooka, likanifanya mimi mwongo. Mgeni akiondoka nalifungia tena kwa mapenzi yangu yote. Mimi ambaye rejeta za kupoza injini nazijua kwa harufu.

Ningeweza kucheka, lakini nilikuwa na kazi. Niliwapigia simu binti yangu na mdogo wangu, nikawaambia Jumapili baada ya chakula cha mchana waje, nina jambo. Binti yangu akauliza kama nimepata tarehe ya kupimwa. Nikasema njoo tu.

Jumapili niliifunga milango mapema, na kigoda ndani, nikaendesha peke yangu mpaka nikaona dalili. Walipobisha hodi boksi lilikuwa limeshachemka kweli kweli. Mdogo wangu akaingia amevaa shati la kanisani, binti yangu nyuma yake na kipimo cha presha mkobani. Nilimwonyesha mdogo wangu kiti changu. Nikamwambia kaa wewe, endesha. Akacheka. Yeye maisha yake yote ameyatumia kuwagawia watu funguo, gari lenyewe analiendesha kama mtu anayebeba mayai. Lakini ni mwanaume, na amezungukwa na madereva, mbele ya mpwa wake hakuweza kukataa. Binti yangu akanyoosha mkono kwenye kabati atoe kigoda. Nikamwambia kiache, leo tutasimama. Akanitazama, nikaona ameandika jambo hilo akilini mwake pamoja na dalili nyingine.

Mdogo wangu aliondoa gari. Alianza kwa kujisifu, mara ameona mlima si kitu, mara anauliza hivi ndivyo vinavyowashinda. Akaingia kona ya kwanza. Barabara ikaganda, ikaachia, lori likawa mtaroni na magurudumu juu.

Yeye mwenyewe alikuwa bado ameshika usukani.

"Mmeona hiyo?" aliuliza.

"Tumeona nini?" nilisema.

"Imesimama. Barabara imesimama, halafu..."

Nikamshika bega. Kwa upole kabisa, kama walivyonifundisha.

"Mdogo wangu, ulikuwa wapi hapo katikati? Unakumbuka kilichotokea?"

Akageuka kunitazama, na sijawahi kumwona usoni hivyo tangu tulipokuwa watoto. Aliogopa. Ilimchukua muda mfupi tu, lakini nilimwachia akae na hofu hiyo, kwa sababu mimi nilikaa nayo wiki nzima peke yangu. Kisha binti yangu, ambaye alikuwa akiangalia kioo na si mimi, alisema taratibu kwamba hata yeye ameiona ikisimama. Akaanza kulia huku anacheka, akaniegemea pale pale ukutani, na ndipo nilipofungua kabati, nikavuta kigoda, nikamkalisha. Nikawaeleza. Mdogo wangu akaendesha tena na milango wazi, akapanda mlima mzima bila kuganda, vibaya lakini bila kuganda.

Binti yangu alijifuta macho. Alisema anafurahi, lakini bado angependa nipimwe, kwa ajili ya yaliyompata bibi, ili yeye apate usingizi. Nilijua atasema hivyo. Muuguzi ni muuguzi. Nikamwambia nitakwenda, siku ikifika, sina shida na mashine inayosoma ubongo, isome, itakuta mambo mengi sana humo ya kuwahusu wao wawili.

"Lakini nitakwenda najiendesha," nilisema, nikanyoosha kiganja kwa mdogo wangu.

Akasema ufunguo uko ofisini, kwenye ubao. Nikamwambia mfuko wa shati lake umevimba tangu alipoingia mlangoni, na mtu aliyekuja amejiandaa kuninyima daima angeuacha ufunguo ofisini. Akautoa. Ulikuwa wa moto kutokana na mwili wake. Kesho yake nilipanda lori langu, nikarudisha kiti mbele, nikashusha vioo vyote viwili mpaka chini, vumbi na liingie likitaka, nikatoka getini.